Kila Jumapili kwa Mama Mkwe, Kichwa Chanipasuka

Mpendwa Mama Otilia,

Naomba msaada wako kabla nyumba yangu haijavunjika, mimi ni mshonaji hapa Barranquilla, nashona mavazi ya kanivali, Jumatatu hadi Jumamosi niko kwenye cherehani na chupa yangu ya kahawa nyeusi, mzima kama kigongo, lakini Jumapili tunaamkia misa na kutoka hapo moja kwa moja kwa mama mkwe, Bi Eufrosina, ambaye tumbo lake limekataa kahawa hata harufu yake haitaki, anatupa mchaichai, tunacheka, tunakula samaki na wali wa nazi, na ikifika alasiri kichwa kinanigonga kama ngoma hadi nalala na vipande vya viazi kwenye paji la uso kupoza maumivu, mume wangu Wilfrido anachungulia, "Kumbe leo tunakula chipsi?"

Sasa Jumapili ya Pasaka mama alisafiri kwa dada yake, tukashinda ufukweni, nikanywa kahawa, nikacheza, kichwa kimya, nikasema ehee, mchawi wangu nimemjua, na Jumapili iliyofuata kilipoanza tu nikamwambia mbele ya mawifi wote, "Mama, jicho lako litaniua!" Akavua aproni taratibu, akasema, "Mwanangu, jicho hili ndilo lililokesha ulipojifungua," akaingia chumbani, hakutoka. Anasema hatamsimamia mwanangu ubatizo, Wilfrido hanisemeshi. Je, nimwombe radhi au nitafute mganga?

Yadira

Yadira, binti yangu,

Kwa kichwa, pole. Kwa ulimi, sikupi pole hata kidogo.

Mchawi unaye mwenyewe, yumo kwenye chupa yako. Mwili uliozoea kahawa ukinyimwa ghafla, kichwa huuma. Pasaka ulikunywa, kikatulia. Hukuliona hilo? Kunywa kikombe kabla ya misa, kisha upunguze kidogo kidogo wiki hadi wiki.

Na vichwa si kimoja. Kile kinachokubana kama kofia ndogo baada ya kuinamia cherehani ni shingo na mabega yanayolalamika, basi inuka ujinyooshe. Kinachopwita upande mmoja, ukatapika na kuchukia mwanga, huenda ni kipandauso, na daktari ana dawa zake. Joto letu hili bila maji nalo linatosha kukulaza. Hata vidonge vya maumivu, ukivimeza karibu kila siku, huzaa kichwa kingine. Ila kikija ghafla kama radi, au na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, usiniandikie mimi. Kimbia hospitali!

Nilikupigia simu kabla ya gazeti kutoka, nikakutuma ujaribu kikombe hicho Jumapili. Ukanijibu, "Mama, kichwa hakikuja, lakini haya nilizonazo ni mbaya kuliko kichwa." Vizuri. Haya haziui mtu.

Sasa nenda leo, peke yako, bila Wilfrido wa kukutetea. Sema, "Mama, nimekukosea," kisha ukome hapo. Habari za kahawa zisitangulie, maana sababu ikitangulia radhi hugeuka kisingizio. Akikufokea, sikiliza mpaka achoke. Mawifi nao waite, kwa sababu tusi la hadharani haliombewi radhi jikoni. Halafu mweke mtoto mapajani pake, pamoja na shuka ya ubatizo uliyomshonea. Ninavyowajua mabibi wa mji huu, ataanza kuikagua shuka hiyo, na atakwambia umeishona vibaya. Mshukuru, uifumue.