Zege Kwenye Kiwanja cha Baba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mashimba kaja asubuhi, hakukaa hata kwenye kigoda. Mtoto wa marehemu kaka yangu, na ndiye msemaji wa ukoo siku hizi. "Shangazi, jenga ya udongo, hakuna anayekukataza. Zege hapana." Kwa nini? Udongo hurudi ardhini, kasema. Zege linabaki, na kesho wanangu watatoka Tabora kulidai. Angalau kasema kweli!

Niliondolewa hapa Zagayu mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, nina miaka kumi na saba. Halafu Kahama, Urambo, Tabora—nyumba za walimu, nyumba za kupanga, chumba kwa mwanangu. Miaka hamsini na mmoja sijakanyaga sakafu iliyo yangu. Kiwanja hiki baba alinionyesha mwenyewe kwa fimbo, kutoka minyaa hadi kichuguu.

Jumatatu tunamwaga.

Jumatatu, 4 Agosti

Tulianza saa moja. Fundi Luhaga kutoka Lagangabilili, na akina mama wanane wa kikundi cha kulima—karai mkono kwa mkono, nyimbo, utani. Luhaga alitaka kuongeza maji ili zege litembee. Nikakataa. Zege la uji hutoa vumbi milele.

"Mwalimu, umesomea uhandisi lini?"

"Nimesoma. Inatosha."

Vigelegele!

Saa nne, nusu ya sebule imeshamwagwa, Mashimba akaja na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Athanasi. Karatasi ya zuio: ujenzi usimame hadi kikao cha wazee, Jumamosi. Mashimba akaingia, akasimama juu ya mawe, upande ambao bado. "Haya, mwageni!" Makarai yakasimama.

Athanasi zamani alikuwa fundi. Akasoma karatasi, akatazama zege. Akasema zuio ni zuio, lakini zege halilali: lililochanganywa limwagwe, jipya lisichanganywe.

"Limechanganywa kiasi gani?"

"Lote, mzee," Luhaga akajibu, uso mkavu. Uongo! Mifuko mitatu ya saruji ilikuwa nyuma yake, haijafunguliwa. Athanasi aliiona. Akageuka, akaanza kutazama mbuzi.

Mashimba hakusogea. Basi nikachukua karai mimi mwenyewe, nikamwaga miguuni pake.

"Shangazi, unanimwagia zege?"

"Namwaga sakafu. Wewe ndiye umesimama ndani yake."

Karai la tatu akaruka nje, kiatu kimoja kikabaki. Elina, mmoja wa wale akina mama, akakichomoa, akamrushia: "Chukua, baba, au tukujengee nacho?"

Jioni Luhaga alingoja maji ya juu yapotee, ndipo akapiga niru, saruji laini ya kumalizia. Mwiko ukapita mpaka sakafu ikang'aa. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Mgeni!

Jumanne, 5 Agosti

Mashimba kafunga kisima cha ukoo kwa mnyororo. Hakuhitaji nyundo. Anajua zege lazima linyweshwe siku saba, na upepo huu wa Agosti unafyonza kila kitu. Elina kaniletea maneno yake: sakafu ikipasuka, Jumamosi atawaleta wazee waone—ardhi imemkataa Milembe, ndiyo mimi. Na wapo watakaoamini.

Ardhi haikatai. Ni saruji yenye kiu.

Nimetandaza magunia ya pamba juu yake. Kisima cha shule ni mwendo wa saa nzima. Safari mbili. Mgongo unauma. Acha uendelee.

Jumatano, 6 Agosti

Ufa karibu na mlango. Mwembamba, uzi wa kushonea ni mnene kuliko huo. Lakini upo.

Mashimba kachungulia kwenye minyaa: "Pole, shangazi. Ungejenga ya udongo."

"Nilikaa za udongo hukuwa umezaliwa. Niondokee!"

Safari tatu leo.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa saba mchana. Miguu imegoma. Magunia yamekauka, yanapeperuka pembeni, nami nimekaa kizingitini na ndoo tupu. Naandika ili nisilie.

Anakuja mtu. Minza—mke wa Mashimba! Ndoo kichwani, maji yanamchirizika shingoni. Ufunguo wa kisima umefungwa kwenye ncha ya kanga.

"Mwadila, mayu," kanisalimia Kisukuma, umeshindaje mama.

Nimemuuliza mumewe atasemaje. "Atasema," kanijibu. "Hata mimi kwetu nina kaka, shangazi. Na kiwanja alichonionyesha baba. Nataka kuona Jumamosi itakuwaje."

Nimemwambia aanzie mlangoni, penye ufa, amimine taratibu. Ameinama. Magunia yananyonya, yanabadilika rangi.

Mashimba yuko kwenye minyaa, anamwita. Minza hainui kichwa. Anamwita tena, kwa sauti ya kutisha ng'ombe. Minza amekung'uta ndoo mpaka tone la mwisho, amekaza kanga kiunoni. Sasa anarudi kisimani. Njia ni moja tu, mumewe amesimama katikati yake, na Minza hapunguzi mwendo.