Fundo la Ishirini na Moja

Chuoni, bweni la wasichana
Jumamosi, saa nne asubuhi

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie yake, mwambie nimeiweka kando isichanganyike na yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na lile goti halikusumbui tena unapopanda jukwaa la ujenzi, ingawa najua likikusumbua hutasema. Mimi sijambo. Nakula, nasoma, na mwenzangu wa chumbani bado anakoroma kama msumeno usionolewa. Kama habari zingekuwa za afya tu, ningesaini hapa nikaenda kufua.

Kipande cha zege ulichonitumia kilifika salama. Dereva wa lori la saruji alikileta Jumatatu, kimefungwa guniani na kukazwa kwa waya kwa mkono wako, mkazo ambao hakuna koleo linaloufungua bila ugomvi. Dereva huyo amesema anaondoka leo saa kumi na hamsubiri mtu, hata akiwa msomi. Kwa hiyo nimekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara, naandika gotini, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani ni elimu.

Barua yako nimeisoma hadi mikunjo inaanza kukatika. Umeandika kwamba Mama, baada ya miaka minne ya kunyamaza, amesema anataka kaka yake akae tena mezani kwake kabla hajazeeka. Ukamjibu kwamba umechoka na maneno, na kwamba wasomi wana mashine isiyojua shemeji wala mjomba, basi iachwe iamue. Ikisema Mjomba alibania saruji kwenye ile slabu ya baraza iliyoanguka, jina lake lisitajwe tena nyumbani kwako. Ikisema zege lilikuwa zima, utakwenda kwa miguu yako mwenyewe hadi mlangoni kwake umwombe radhi. Ukamalizia kwamba hapo ndipo utakapojua kama chuo kimenifunza kitu au kimeniongezea maneno, ambayo kwa hesabu yako nilikuwa nayo ya kutosha tangu nikiwa Bi Kwanini wa miaka mitano.

Jibu la mashine ninalo tangu Jumatano. Nakupa sasa, kwa sababu nikikuzungusha utaruka kurasa.

Tulikata kipande kwa mashine ya kutoboa, tukatoa umbo la mviringo kama kopo, tukalipiga msasa juu na chini, tukaliweka katikati ya vyuma viwili vinavyobana. Fundi wa maabara aliniachia mimi nishike usukani unaosukuma mafuta ya kubana, kwa kuwa kazi ilikuwa yangu. Mshale wa kipimo ukapanda. Baraza kama ile inahitaji zege lenye nguvu ya alama ishirini. Mshale ulifika ishirini, nikasubiri kishindo, hakikuja. Ishirini na tatu, kimya. Ulipofika ishirini na saba ndipo kikapasuka. Baba, zege la Mjomba lilikuwa zima. Halikubaniwa saruji, halikuzidishiwa maji, halikutiwa mchanga mchafu. Lilikuwa zege la mtu aliyefundishwa na wewe.

Ningekuwa na moyo mweupe ningeruka kwa furaha pale pale. Badala yake niliosha mikono mara tatu, na fundi akaniuliza kama naumwa.

Nilijua utauliza swali linalofuata. Kama zege lilikuwa zima, slabu iliangukaje? Basi Alhamisi niliandika barua nyingine, ya mistari miwili. Ilisema kwamba kipande kimepigwa na mvua miaka minne, mashine imeshindwa kusema lolote, pole sana. Nikaibandika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu niliiona ndefu na imelimwa vizuri, ningeweza kuitembea hadi nizeeke. Bahasha ile ilikaa mfukoni mwangu siku nzima.

Ngoja kwanza nikujibu swali ulilonipa nikiwa naondoka nyumbani, sanduku liko kichwani. Uliniuliza chuo kitanifunza nini ambacho jicho lako halijui. Nimekaa nalo miaka minne. Kuhusu zege, si mengi. Unajua kwa mlio wa sepeto kama maji yamezidi, na hapa tunatumia kopo, rula na fomu tatu kupata jibu lile lile. Nilichojifunza nilikijifunza kwa aibu, mwaka wa kwanza. Tuna mhadhiri, mama mfupi asiyecheka, tunamwita Mama Mchemraba kwa sababu ya vipande vya zege vya mchemraba tunavyoloweka na kuvivunja kwa tarehe maalumu. Siku ya saba nilisahau kuvunja changu. Nikaandika namba ya kubuni, nzuri, inayofanana na za wenzangu. Aliitazama, akaniuliza kwa upole nimejuaje. Nilikosa pa kuficha uso. Nilidhani nimefukuzwa. Hakunifukuza, alinitaka niifute namba ile, niandike sijui, kisha nisimame nilisome neno hilo mbele ya darasa.

Nyumbani kwetu, Baba, sijawahi kusikia mtu mzima akisema sijui. Fundi akisema sijui, kazi anapewa mwingine. Nilisimama pale nikalisema, na paa halikuanguka. Tangu siku ile nimekua kidogo. Vitabu vimenisaidia, lakini ningepewa kuchagua kimoja cha kubaki nacho kutoka chuo hiki, ningechagua neno lile, maana ndilo lililonifikisha kwenye barua hii.

Jana, Ijumaa, Mama Mchemraba alikiona kipande kilichobaki mezani akaniambia nilieleze darasa. Nikasema ni cha baraza ya duka iliyoanguka siku ileile nguzo za mbao zilipoondolewa na matofali kupandishwa juu. Nikataja namba. Akawageukia wenzangu akawauliza zege zima linaangukaje. Mmoja akasema chuma kilikuwa chembamba, nikamwambia chuma kilikuwa sawa. Mwingine, kijana wa mbele anayependa kusikika, akasema bila shaka nguzo ziliondolewa kabla ya siku zake, kwani mafundi wa mitaani huhesabu siku kwa vidole. Wakacheka. Nami nikawaka. Niliwaambia kwamba fundi wa baraza ile ni baba yangu, na hahesabu kwa vidole, anahesabu kwa uzi, fundo moja kila asubuhi, kama babu yangu alivyohesabu, na kwamba uzi ule haujawahi kusema

Sikuweza kuimaliza sentensi ile hata darasani, kama ulivyoona sikuweza kuimaliza hapa. Nilikaa chini. Baada ya kipindi Mama Mchemraba alipita karibu yangu akasema tu kwamba jaribio hukamilika likiandikwa.

Baba, nipe subira yako ya mara moja kwa mwaka, uzisome aya zinazofuata hadi mwisho kabla hujasimama.

Unakumbuka ulivyougua mwaka ule. Zege lilimwagwa leo, kesho yake ukapelekwa hospitali, Mama akaenda kukuuguza, na Mjomba akaenda kwenye kazi nyingine. Mimi nikabaki na mambo mawili, kumwagilia slabu maji asubuhi na jioni, na kufunga fundo. Uzi uliutundika mwenyewe kwenye msumari wa mlango. Ukaniambia nguzo zisiguswe hadi fundo la ishirini na moja, na kwamba siku hiyo ndiyo nitakayokuwa huru kwenda chuo, kabla ya hapo nisikuchoshe. Sikukuambia kwamba chuo kilikuwa kinafunga uandikishaji kabla ya siku hizo kutimia. Niliogopa ungesema basi mwakani, na kwetu mwakani ni mahali ambapo mambo huenda kupumzika milele.

Asubuhi ya kumi na mbili nilifunga fundo la siku. Kisha nikakaa kwenye kizingiti nikafunga mengine tisa.

Ulipotoka hospitali siku ile ile, homa ikiwa imekuvurugia hesabu ya siku na Mama amechoka kwa kukesha, ulikwenda moja kwa moja kwenye uzi, ukahesabu kwa kidole gumba, ukasema siku zimetimia. Karatasi ya hospitali ilikuwa na tarehe, lakini nani angeangalia karatasi wakati uzi upo? Mjomba alikuja na nyundo yake akasema anaona ni mapema, na mvua hizi. Ukamjibu kwamba uzi haulowi, na binti yako hajui kudanganya. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na ndoo. Kama ningefungua mdomo wakati ule, Mjomba angekuwa na vidole vyake vyote.

Mengine unayajua, ila hujawahi kuyatazama ukiwa upande huu. Slabu ilishuka juu ya mkono wake wa kulia. Ukamwambia, damu ikiwa bado inatoka, kwamba zege lake limemla mwenyewe. Ukamfukuza. Mtu aliyekuwa anapiga lipu hadi unatamani kuushika ukuta, leo analinda geti la kiwanda cha mbao na kuwafungulia wengine wapite na mbao zao. Mama alipoteza kaka. Mimi nikapata chuo, siku mbili kabla ya mlango kufungwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wewe ulikuwa unatania kwamba kwa mafundi methali hiyo ni riziki. Huu ufa nimeuacha miaka minne, na ukuta wa kuujenga nauona ulivyo mkubwa.

Kuna jambo moja bado. Naamini Mjomba alijua. Asubuhi ile ya mafundo alipita kuchukua toroli, akanikuta na uzi mapajani, akanitazama kidogo kisha akaenda zake. Nadhani baadaye aliunganisha. Siku naondoka alikuja hadi kwenye kituo, mkono umefungwa bandeji, akabeba sanduku langu kwa ule mwingine. Aliniambia nikasome kwa bidii, na kwamba nilichokifunga nitakuja kukifungua mwenyewe nikikua. Nilijifanya nimesikia nusu ya kwanza tu. Angeweza kusema neno moja kwako akabaki na kazi yake, akachagua nisome mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vidole.

Ile barua ya mistari miwili nimeichana. Sikutaka mashine imsafishe Mjomba halafu lawama ihamie kwenye uzi wako, nawe ubaki kitandani unajiuliza babu alikosea wapi. Babu hakukosea, wala uzi haukukosea. Ni mimi.

Najua utataka uthibitisho, nami ningekuwa wewe ningeutaka. Siku slabu ilipoanguka, watu wakipiga kelele, niliuvua uzi kwenye msumari nikauficha. Nimekaa nao miaka yote hii ndani ya kisanduku cha rula. Umo ndani ya bahasha. Utazame, Baba, hapa jicho lako linatosha, huhitaji mashine yoyote ya chuo. Mafundo kumi na mawili ya kwanza hayafanani, moja limekazwa, jingine limelegea, jingine lina tope, kwa sababu yalifungwa asubuhi kumi na mbili na mikono iliyoamka tofauti. Tisa ya mwisho yanafanana yote.

Sitakuomba unisamehe kwa barua, huo ni ubahili. Wala sitaacha chuo ili nijiadhibu, nimelifikiria nikaona ni njia nyingine ya kukimbia, na tena itamfanya Mjomba awe amevipoteza vidole bure. Nimebakiza mitihani miwili. Nitaimaliza. Ukiamua usinione hadi hapo, nitakuelewa, nitalia, na nitaimaliza hivyo hivyo.

Ila kuna sehemu moja sitakusubiri uamue. Nimezungumza na dereva. Hatachukua barua peke yake, atanichukua na mimi, nikubali tu kukaa juu ya magunia matupu. Geti la kiwanda cha mbao liko njiani, kabla hajafika kwako. Nitashuka pale, yeye aendelee na bahasha. Utakapokuwa unausoma mstari huu, mimi nitakuwa nimeshamwambia Mjomba haya yote uso kwa uso, kama atakuwa amekubali kunisikiliza.

Nisalimie jirani wa ng'ambo na wanawe, na fundi bomba, mwambie bado nakumbuka ngazi yake tuliyoivunja. Msalimie Mama kuliko wote. Msomee barua hii wewe mwenyewe, usimpe aisome peke yake, na ukifika kwenye jina la kaka yake litaje kwa sauti. Mwambie aandae sahani moja zaidi kwa kesho, halafu tuone.

Wewe uliahidi kwa mkono wako, na barua yako ninayo, kwamba mashine ikisema zege lilikuwa zima utakwenda kwa miguu yako hadi mlangoni kwa Mjomba. Mashine imesema. Njia unaijua. Nikitoka getini nitakwenda nyumbani kwake, na utanikuta nimekaa kwenye kizingiti chake.

Ni mimi binti yako,
Bi Kwanini