Ekseli ya Baiskeli ya Baba

Jumamosi. Mvua ya mawe imetoboa majani ya chai, na mimi sina hamu hata ya kula.

Tangu Baba apate kiharusi, mguu wake wa kulia hausikii. Lakini kila asubuhi swali lake ni moja: baiskeli imetengenezwa? Ni ile nyeusi ya Kiingereza aliyobebea maziwa tangu sijazaliwa. Ekseli ya pedali, kile chuma kinachounganisha mikono yake miwili, imelika; ukikanyaga, inagonga.

Nilidhani ni kitu kidogo. Fundi Ochieng wa Kapsoit alijaribu vikombe vipya, vile vinavyoshika ekseli ndani ya fremu. Vikaingia nusu, vikakwama. Thredi, ile mikato ya kukazia skrubu, za fremu za zamani ni nyembamba kuliko za siku hizi.

"Naweza kukata thredi mpya," akasema, "lakini nitaharibu fremu ya mzee. Vikombe vyake vya zamani bado ni vizima. Tafuta ekseli peke yake, urefu uleule. Ikizidi, cheni itakaa upande. Ikipungua, mkono wa pedali utakwaruza fremu."

Nikazunguka na ile mbovu kwenye mkoba. Sigowet hakuna. Bomet mjini walinicheka. Juzi, huko Sigor, mjane mmoja, Mama Kiprono, alinitolea baiskeli ya marehemu mumewe kutoka stoo. Fundi wa hapo akaifungua, tukalinganisha. Sawasawa.

"Chukua," akaniambia, bado ameshika usukani. "Wangu hataihitaji tena."

Nililia barabarani.

Leo Ochieng ameifunga kwa gololi mpya. Nimeiegemeza baiskeli mbele ya kiti cha Baba. Akazungusha pedali kwa mkono wake mzima, akainamisha kichwa kusikiliza. Kimya kabisa. Akatabasamu upande mmoja.

"Imepona."

"Ukipata nguvu, Baba, utaipanda..."

"Chero, mwanangu. Hiyo ni ya mtu mwenye miguu. Ichukue wewe."

Kumbe alijua siku zote kwamba hataipanda tena. Hakutaka tu kumwachia mtu kitu kibovu.

Mimi ndiye niliyekuwa bado sijakubali.

Nilienda jikoni nikajifanya naangalia moto.

Kesho baada ya kanisa nitaipanda mpaka getini, aione ikienda. Sijui kama nitaweza kugeuka nimwangalie.