Mstari wa Tatu Ubaoni

S.L.P. 47,
Meru.
16 Julai 1983

Kwa ndugu yangu Muturi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Meru. Natumaini wewe na mama Njoka mko wazima, na kwamba kahawa imepona ule ugonjwa ulioniandikia. Sisi hatujambo, ila goti langu linanilalamikia kila asubuhi yenye ukungu.

Uliniuliza kwa nini mwanao ameondolewa Kidato cha Sita hapa kwetu na kupelekwa kwenye baridi ya Timau kufundisha Kidato cha Kwanza. Nimechelewa kukujibu. Nivumilie nieleze polepole, unajua tabia yangu.

Njoka alipofika na digrii yake, nilimkaribisha kama mwanangu. Alikula kwetu kila Jumapili. Lakini kuna hesabu fulani ambayo nimeifundisha miaka ishirini na miwili. Unaambiwa uchukue pembe ambayo sini yake ni x, kisha utafute tanjenti ya pembe hiyohiyo, uiandike kwa x peke yake. Mimi huiendea kwa kanuni, moja baada ya nyingine, mpaka nusu ukurasa ujae. Njoka alichora pembetatu mraba. Upande mrefu akauita moja, ule unaoikabili pembe akauita x, na wa tatu ukajitokeza wenyewe: kipeuo cha pili cha moja kutoa x mraba. Gawanya x kwa huo, umemaliza.

Wasichana walianza kumfuata hata wakati wa chai. Siku moja mezani, binti yangu Kathambi alisema akicheka kwamba baba yake huwapitisha wanafunzi Isiolo, kaskazini, kwenda Embu iliyo kusini. Mama yake alicheka. Njoka hakucheka; alisema haraka kwamba anayepitia Isiolo huijua nchi vizuri zaidi. Huruma yake iliniuma kuliko kicheko chao. Tangu siku hiyo, Muturi, nikimsikia akipita barazani nilifunga mlango.

Mkaguzi alikuja mwezi wa tano. Njoka alikuwa ameandika kazi yake ubaoni mapema, kisha akaenda kumlaki ofisini kwa mkuu. Mstari wake wa tatu ulisema kwamba pembe hii iko kati ya hasi tisini na chanya tisini, kwa hiyo kipeuo chetu ni chanya. Bila mstari huo, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini kipeuo kisiwe hasi, na kazi yote inasimama kwa mguu mmoja.

Somo lilipofika katikati, mwanafunzi aitwaye Kagure aliuliza swali hilohilo. Nilikuwa nimeketi nyuma na mkaguzi. Njoka alimwambia kwa furaha atazame mstari wa tatu, akageuka kuuonyesha kwa fimbo, na haukuwapo. Darasa likaangua kicheko. Alisema huenda alisahau, akauandika upya. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu huyu hajakomaa kufundisha Kidato cha Sita.

Ndugu yangu, hakusahau. Mimi ndiye niliyeufuta. Niliingia darasani likiwa tupu, na kwa kuwa sikuona dasta, niliufuta kwa mkono wa koti langu.

Mwanao anajua. Baada ya somo alinikuta katika chumba cha walimu, akaniambia, “Mzee, umejipaka chaki,” akanipangusa mkono wa koti kwa kiganja chake, taratibu, mpaka ukatakata. Siku hiyo sikuwa na kipindi hata kimoja. Alinitazama, akatoka; wiki mbili baadaye alifunga mizigo yake bila kumwambia mtu siri hiyo.

Nimemwandikia mkaguzi haya yote. Bahasha yake iko hapa kando ya yako, na nitazitia posta pamoja. Mkuu nimekwisha kumwambia. Jumamosi ijayo nitapanda Timau kumwomba Njoka msamaha mwenyewe. Sijui atanipokeaje, wala wewe sijui utanipokeaje nikija Embu.

Msalimie mama Njoka, ikiwa bado atataka salamu zangu. Kathambi anawasalimu, yeye bado hajui, nitamwambia leo jioni.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako tangu chuoni,
Salesio Kathuri