Zamu ya Usukani

Nyuma ya soko,
S.L.P. 41,
Kibiti.
3 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulrazaq,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Ufaransa? Kazi je, na kile kikohozi? Sisi huku tunamshukuru Mungu.

Daftari lako la historia ya mbio za magari za huko Ufaransa, zile za saa ishirini na nne, rafiki yako Maneno kalifikisha. Tangu mama apooze upande, ndilo linalomchangamsha. Nimemsomea kwamba zilianza mwaka 1923, na kwamba zamani madereva walivuka barabara mbio kwa miguu kuyafuata magari yao. Akauliza, "Saa ishirini na nne wanazunguka, kisha palepale? Hao wana lao jambo!" Tukacheka. Kisha akalala, nikabaki nacheka peke yangu.

Ukurasa wa mwaka 1952 nimeurudia mara nyingi. Yule Mfaransa aliyemnyima mwenzake wa zamu usukani, akaendesha peke yake usiku kucha na mchana, tena akiongoza. Imebaki kama saa moja, injini ikafa. Pembeni umeandika, "Kiburi." Mimi sidhani. Labda aliona hakuna alijuaye gari lile kama yeye.

Unakumbuka dungu letu kule Mkongo, tulipokuwa tukilinda mpunga? Zamu yako ilifika, nikakuona umelala, nikakuhurumia, sikukuamsha. Nami usingizi ukanichukua, nguruwe wakamaliza jaruba zima. Baba alinichapa mimi tu. Alisema kosa langu si kulala, ni kutokukuamsha.

Kosa hilo nimelirudia. Miaka miwili sasa, kila ukipiga simu kusema unataka kuja, nakwambia, "Tulia na kazi yako, tupo salama." Si kweli. Juzi nilikuwa namgeuza mama, mgongo ukanikamata, tukaanguka wote wawili. Tulikaa sakafuni mpaka jirani yetu Biasha alipokuja kuomba chumvi. Mama hakuumia. Mimi nililia mbele ya watu, na unanijua nilivyo. Nyumba hii imekuwa kubwa mno, na kimya chake kinanishinda. Kwenye simu nisingeweza kukwambia haya, ulimi umeshazoea kusema "salama".

Mama anakusalimu, kila nikimnywesha uji anakutaja. Shangazi Hanifa na Biasha nao wanakusalimu. Mola akufungulie njia, akufikishe kwetu.

Nakuamsha, mdogo wangu. Zamu yako.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi