Karibu ya Tatu

Vesterdal, Minesota
15 Septemba 1991

Kwa mjukuu wangu Marit,

Nakusalimu. Mimi mzima, goti la kushoto lina nafuu kuliko la kulia, na ng'ombe hawana neno. Natumaini nawe una afya. Akili nitaiulizia hapa chini.

Unaniandikia kwamba umeacha famasia ili usome lugha na utamaduni wa Skandinavia. Barua hiyo niliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeiandika ukiwa na homa. Marehemu bibi yako Borghild alizungumza Kinorwei huku akinyonyoa kuku, na hakuna aliyempa shahada. Naona pia mna somo zima la sweta. Sweta huvaliwa, Marit. Na muhula mzima wa huzuni katika filamu za Uswidi! Ukitaka huzuni, njoo Februari tukamue ng'ombe.

Babu yako,
Gudmund Tveiten, mwalimu mstaafu


Mjini, 3 Novemba 1991

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, ila nina njaa tangu Jumapili, na sababu ni wewe.

Profesa Ingunn Hauge, mzaliwa wa Bergen kule Norwei, alitualika kwake. Akaniuliza kama ningependa kahawa na keki ya lozi. Nikajibu ulivyonilea: "Hapana, asante, usijisumbue." Akasema, "Sawa," akaisogeza sahani kwa mwingine. Nikangoja karibu ya pili, niikatae tena kwa heshima. Nikangoja ya tatu, nikubali. Hazikuja. Wenzangu waliimaliza keki mbele ya macho yangu. Rune, mwanafunzi kutoka Oslo, aliniona namezea mate, akacheka: "Dada, umetoka makumbusho gani wewe? Kwetu siku hizi hapana ni hapana."

Profesa anasema wahamiaji waliokuja huku Marekani waliibeba Norwei ya zamani wakaigandisha kama nyama. Nadhani yuko sahihi. Huko kwenyewe Ijumaa watu wanakula piza. Ni ninyi tu mnaokula samaki wa magadi, wale wanaolowekwa hadi watepete kama uji, na kuwaita utamaduni.

Mjukuu wako,
Marit


Vesterdal, 10 Novemba 1991

Marit,

Mimi mzima. Samaki wa magadi naye mzima, tumemla jana kanisani.

Mtu anayeondoa sahani kwa hapana ya kwanza hakulelewa, alifugwa. Hapana ya kwanza ni adabu. Ya pili humpa mwenyeji nafasi ya kujiuliza kama anakutaka kweli. Karibu ya tatu ndiyo karibu yenyewe. Baba yangu alipofika hapa katikati ya theluji, mzee Lund alimkaribisha ndani, naye akakataa mara mbili huku masikio yakiganda. Lund angekuwa mtu wa Bergen, ukoo wetu ungeishia mlangoni pake.

Mwambie profesa wako kwamba nyama iliyogandishwa haiozi.

Babu yako,
Gudmund Tveiten


Mjini, 4 Aprili 1994

Babu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Tangu ugomvi wetu wa keki tumeandikiana habari za mvua na maziwa tu, na hata nikija Krismasi tunazungumza na redio. Leo nina jambo.

Mahafali ya idara yetu ni Jumamosi, tarehe 14 Mei. Nimechaguliwa kutoa hotuba kwa Kinorwei. Nitaitoa kwa lafudhi ya Bibi, ile ya bondeni kwao, si ya Oslo. Tangu baba na mama watangulie, tumebaki wawili. Ukumbi mzima utasikia, lakini atakayemtambua Bibi katika sauti yangu ni mmoja tu. Njoo, Babu.

Marit


Vesterdal, 10 Aprili 1994

Marit,

Namshukuru Mungu kwa uzima, na nakushukuru kwa mwaliko. Hapana. Sijaona sababu ya kusafiri nusu siku nikasikilize Kinorwei kikipigiwa makofi na watu waliovaa magunia meusi. Hapa nakisikia bure nikijigonga kidole.

Maigizo hayo yanaanza saa ngapi lakini? Na viti vyao vina egemeo? Nauliza ili nipate la kucheka.

Babu yako,
Gudmund Tveiten


Mjini, 18 Aprili 1994

Babu, shikamoo, na pole kwa kidole.

Yanaanza saa nane mchana. Kiti chako kiko mstari wa mbele, kina egemeo. Rune ana gari, atakufuata asubuhi. Tafadhali njoo.

Marit


Vesterdal, 25 Aprili 1994

Marit,

Mimi mzima. Hapana, usijisumbue. Nani atakamua? Jirani yangu Arlo Lund anasema ataweza, lakini Arlo hudhani anaweza kila kitu. Na huyo Rune, aliyekucheka ukiwa na njaa, sijui kama hata breki anazijua. Suti nimeipiga brashi kwa sababu ilikuwa na vumbi, basi.

Usiharibu stempu.

Babu yako,
Gudmund Tveiten


Mjini, 2 Mei 1994

Babu,

Nimekuelewa. Umekataa, ukarudia, na mara zote kwa dharau. Huku nimejifunza kuliheshimu neno la mtu. Kiti chako nimempa mama yake Rune, anayekuja kutoka Oslo bila kubembelezwa.

Marit


Vesterdal, 20 Mei 1994

Kwa mhitimu,

Hongera. Chuo kimemaliza kazi yake: umekuwa mtu wa Bergen kamili.

Jumamosi ile Arlo alinikuta nimekaa kibarazani, nimevaa suti, kofia mapajani. Akauliza, "Mzee, nani kafariki?" Nikamwambia naipigisha suti hewa. Ng'ombe alikuwa ameshawakamua, bila kutumwa. Akakaa karibu nami tukitazama barabara mpaka saa nane ikapita.

Nasikia hotuba ilishangiliwa. Watu wasioijua lafudhi ile wangeshangilia hata bawaba yenye kutu.

Gudmund Tveiten


Mjini, 26 Mei 1994

Babu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Babu, mimi niliandika insha ndefu juu ya desturi ya wazee wa Minesota ya kukaribisha mara tatu. Nilipata alama ya juu kuliko darasa zima. Halafu nikakukaribisha wewe mara mbili, nikafunga mlango. Mpumbavu mwenye shahada ni mpumbavu mwenye fremu ukutani.

Joho sijalirudisha. Hotuba naijua kwa moyo. Mahafali yangu yatafanyika tena jikoni kwako, siku utakayoitaja. Hii ni ya tatu: utakuja?

Mjukuu wako,
Marit


Vesterdal, 31 Mei 1994

Mjukuu wangu Marit,

Mimi mzima, magoti yote mawili.

Haya, maadamu umesumbuka kiasi hicho. Iwe Jumamosi, baada ya kukamua. Nitavaa suti, imeshapata hewa ya kutosha. Hotuba iishe kabla kahawa haijapoa, na gunia lako jeusi usilitundike karibu na jiko. Arlo atakuwepo. Haelewi neno, kwa hiyo atapiga makofi.

Mlete na Profesa Hauge. Nimeagiza keki ya lozi. Nitamkaribisha mara moja tu, kama wanavyofanya kwao.

Babu