Mwanakhamis Hakuozwa na Sinema

Mwaka umetimu leo, Mwanakhamis, tangu asubuhi ile ya mwezi wa Mfungo Saba tulipokutoa Madungu, nyumbani kwa mumeo, tukakurejesha Wingwi kukulaza ubavuni mwa kaburi la bibi. Mwaka mzima! Na mie dada yako Mize, niliyeshika kalamu kwa niaba ya nyumba nzima, mpaka leo nikiona kanga mpya dukani husema moyoni, hii ataipenda.

Bwana wa gazeti katwambia kumbukumbu ni mistari kumi tu: marehemu alikuwa mpole, mtiifu, mcha Mungu, basi. Na wapo watu wa hapa hapa kijijini waliokuja kumnong'oneza Mama kwamba habari za kuimba na sinema tuziache, tusije tukakuaibisha ukiwa kaburini. Aibu ya nani? Mcha Mungu ulikuwa, sala hukuiacha hata safarini. Mpole ulikuwa mara mojamoja. Mtiifu, hapo tusidanganyane. Ulikuwa mwimbaji na ulikuwa mcheza sinema, na yote mawili tunayaandika. Anayeona vibaya na afumbe macho.

Tunakukumbuka ulivyokuwa mdogo, ukiingiza kichwa kwenye mtungi mtupu na kuimba humo ndani, upate kusikia sauti yako inavyorudi. Mama anataka kwenda kisimani, mtungi hauonekani, kumbe uko uani umeuvaa kichwani. Ukubwani ukawa huimbi mpaka utafune tangawizi na uvue viatu. Ukiulizwa unasema, "Nikivaa viatu naimba kwa adabu mno." Basi mabibi wa Chake Chake wamekaa na dhahabu zao, na wewe mbele yao miguu mitupu, hujali hata kidogo.

Sauti hukuwa bahili nayo. Wakubwa walikuja kukuchukua kwa motokaa. Lakini alipoozwa yule yatima wa kisiwa cha Fundo, ambaye nyumbani kwao hata mkeka wa kukalisha wageni waliazima, ulipanda ngalawa na kikapu chako, ukaimba mpaka bibi harusi akasahau kulia. Ulirudi umeloa chapachapa, umekula sahani moja ya wali kwa samaki, na ulicheka njia nzima.

Sasa tuje kwa Baba, maana bila ya Baba kumbukumbu hii si ya kweli, na mwenyewe karidhia iandikwe.

Mwaka 1954 ulipopanda jukwaani mara ya kwanza na wanaume wa klabu ya taarab, Baba yetu, Mzee Bakar Mmanga, alisimama msikitini baada ya sala akasema, "Mie sina ntoto mwimbaji." Tangu siku ile jina lako halikutoka kinywani mwake. Miaka mitano! Akilazimika kukutaja husema "yule". Ukija kutusalimia huchukua jembe akaenda kwenye muhogo, hata mvua ikinyesha. Nawe hukuacha kuja, wala hukuacha kumletea mkate wa kumimina, unauweka mezani umefunikwa kawa, kisha unaondoka. Hukupata kujua, na leo nakwambia: alikuwa akiula wote, hatuachii hata kipande.

Mwaka 1958 watu wa sinema walikutafuta, wakakuchukua mpaka Tanga. Walitaka msichana anayejua kuimba mwenyewe bila ya kuimbiwa na mtu mwengine. Katika hadithi yao msichana huyo anaozwa. Yule mkubwa wao akatafuta mzee wa kuigiza baba, akampata seremala mmoja kwa sababu ya uzuri wa ndevu zake. Ndevu alikuwa nazo, kichwa cha kukumbuka hakuwa nacho. Kila akifika kwenye jina la msichana wa hadithi analisahau. Mwishowe mkubwa wa sinema kachoka, kasema, basi mtaje kwa jina lake mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mwaka uliofuata gari la sinema la serikali lilikuja Wingwi, likatandika shuka lake jeupe uwanja wa skuli baada ya Isha. Kijiji kizima kilikuwapo isipokuwa Baba. Ukatokea, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, na watoto wakapiga kelele, "Mwanakhamis! Mwanakhamis!" Tukakuona umefunikwa ushungi chumbani, na barazani yule seremala kashika mkono wa kijana, anasema kwa kipaza sauti, "Nimekuoza binti yangu Mwanakhamis kwa mahari tuliyoagana." Kijana akajibu, "Nimekubali kumuoa."

Na Mama (nisamehe, Mama, lakini hili lazima liandikwe) Mama akapiga kigelegele. Mwenyewe anasema ulimi ulikwenda wenyewe. Uwanja mzima ukamwitikia.

Lo! Kulipokucha ukawa mke wa mtu. Jirani yetu Bi Masika alizunguka nyumba kwa nyumba anahesabu kwa vidole: "Ndoa haichezewi. Mahari imetajwa, mume kakubali, mashahidi ni sisi sote, na mama wa bibi harusi kapiga kigelegele. Mwataka nini tena?" Akaambiwa, lakini yule mwozeshaji si baba yake. Akasema, "Baba yake si kamkana? Asiye na baba huozwa na aliyepo." Na watu wakaona ana maneno. Wakati huo Jecha Pandu, fundi baiskeli wa Madungu, keshaleta posa, na wewe ulikuwa unamtaka, tena unamtaka kweli. Sasa utaolewaje na Jecha nawe una mume Tanga?

Yule kijana wa sinema alikuwa muungwana. Aliposikia vurugu, alikaa akaandika talaka, akaituma kwa posta. Kila mtu akashusha pumzi. Pokea karatasi, mambo yaishe.

Ukaibeba karatasi ile mpaka barazani kwa Shehe Abrahman, wanaume wamejaa, ukaiweka mbele yake. "Shehe," ukasema, "hii siipokei. Nikiipokea nimekiri nilikuwa mke wa mtu, na mie sikuwa. Na sinema ya pili nikiozwa, nitafute talaka nyengine? Nitaachwa mara ngapi kwa kufanya kazi yangu?"

Bi Masika akadakia kutoka mlangoni, "Weye, si uchukue tu, yeshe?"

"Kwenu yatakwisha, Bi Masika. Kwangu ndiyo yataanza."

Shehe Abrahman akasema, "Mtoto hafutiki kwa kukanwa kwa mdomo. Baba akiwa hai ndiye walii wa kumwozesha, na bila ya idhini yake pale hapana ndoa. Lakini Mzee Bakar kasema maneno mazito mbele yetu. Ijumaa ijayo na aje mwenyewe aseme, alimwoza au hakumwoza. Asipokuja, midomo ya watu mie siwezi kuishona."

Wiki ile hukulala, Mwanakhamis. Uliniambia, "Hatakuja, Mize. Kuja kwake ni kusema mie mwanawe." Nami nilikwambia atakuja, lakini sikuamini. Jecha alipanda baiskeli kutoka Madungu, njia ile mbovu, akaja kukwambia neno moja tu: karatasi usiipokee, yeye atangoja. Siku ile ndipo nilipompenda shemeji yangu.

Ijumaa ikafika. Watu walitoka msikitini wakakaa barazani kwa Shehe, sisi wanawake tukajazana ndani mlango wazi. Baba hayumo. Bi Masika keshaanza kujichekea. Mara tukamwona anapanda njia na kanzu yake ya Idi, na mkononi ameshika kofia, kama mtu anayekwenda kuposa.

Hakukaa. Alisema, "Sinema yenu sikuiona. Lakini kile kipaza sauti chenu kilifika mpaka kwangu. Nilikuwa nimekaa uani nimekipa mgongo. Nikasikia ntu nisiyemjua anasema, binti yangu Mwanakhamis." Akaivaa ile kofia. "Baba wa Mwanakhamis mie. Walii wake mie. Sikuulizwa, na sikumwoza ntu."

Mara mbili alilitaja jina lako, mbele ya wanaume wote wa Wingwi. Ulilia mpaka ushungi ukaloa, nami nilikushika nikilia kuliko wewe. Baba alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Jecha, aliyekaa mwisho wa baraza: "Na weye fundi baiskeli, wangoja nini?"

Akakuozesha mwenyewe kwa mkono wake, na sauti yake siku ile ilitetemeka kupita ya bwana harusi. Ile talaka ya Tanga ulifungia tangawizi.

Hatutasema kwamba Baba alipenda uimbaji wako. Hakuupenda. Kwenye taarab hakuja hata siku moja. Lakini tangu Ijumaa ile ukija jembe hubaki ukutani, na mkate wa kumimina mnakula pamoja, yeye akilalamika kwamba umezidisha iliki. Ukaimba, nyimbo zako zikatoka kwenye santuri, ukaenda kucheza sinema ya pili na huko ukaozwa tena kama ulivyosema, na safari hii Wingwi haikufungua mdomo. Ukamzaa Mwatima. Kisha kifua kikakuanza, kikohozi kikakataa dawa zote, na hukufika hata miaka thelathini. Inauma, Mwanakhamis. Hatutafuti maneno mazuri ya kulipamba hili. Baba alishuka kaburini mwenyewe kukupokea, akakataa kushikwa mkono.

Mwezi uliopita gari la sinema lilirudi Wingwi. Tukaletewa ushauri kwamba watu wa msiba tukae ndani. Baba akauliza, "Wamekuja na sinema gani?" Nikamwambia, ile ile. Alipotoka kusali Isha alichukua kiti chake cha kamba, akaenda kukiweka mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye shuka.

Ndiyo mara yake ya kwanza kukuona unaimba, Mwanakhamis. Uliimba kisimani, miguu mitupu, na hakupepesa jicho. Nilimsikia anasema taratibu, "Kumbe ndivyo." Basi, hilo tu.

Ikafika ndoa. Seremala na ndevu zake akashika mkono wa kijana, akafungua kinywa: "Nimekuoza binti yangu Mwanakhamis..." Baba akainuka. Kivuli chake kikapanda kwenye shuka kikamfunika seremala kichwa na ndevu, na sauti yake ikashinda kipaza sauti:

"Mwongo huyo! Baba yake mie!"

Mwenye mashine hakujua azime au aache. Baba hakukaa. Alisimama vile vile mpaka ndoa ile ya uongo ikaisha, na wewe ulipotokea na ushungi wako kivuli chake kilikuwa bado kipo, ubavuni kwako. Hapo Mama akapiga kigelegele, na safari hii ulimi haukwenda wenyewe, alikusudia. Uwanja ukaitikia, na Bi Masika naye aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Wanaokukumbuka ni baba yako, Mzee Bakar Mmanga; mama yako, Bi Kijakazi; mumeo, Jecha Pandu; mwanao Mwatima, ambaye juzi tumemvua mtungi kichwani; na mie dada yako, Mize. Hitma itasomwa nyumbani Wingwi baada ya sala ya Ijumaa, na atakayekuja karibu sana, ila kwetu jina lako halinong'onwi. Daima tutakutaja, Mwanakhamis, na tutakutaja kwa sauti.